Mgonjwa wa sonona akilazwa, ziangalieni sana wiki mbili za mwanzo

Juzi dada mmoja wa Igoma kaniandikia inboksi, mdogo wake kalazwa kwa sonona, anauliza atapona lini mana kila akiuliza wodini anaambiwa subirini. Dada yangu, tarehe hakuna wa kukupa, ila dalili kwamba matibabu yanaelekea kushika zipo na huwa zinajitokeza mapema.

Mdogo wangu naye alilazwa hapahapa Mwanza. Alikuwa na biashara yake ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, akafika hatua haogi, hali, simu kazima, kageukia ukutani tu. Ndugu wengine wakasema karogwa, wengine wakasema ni uvivu, na hilo la uvivu linaniuma mpaka leo mana lilisemwa mbele yake na alikuwa anasikia. Mimi nikanunua daftari, kila siku naandika kalala saa ngapi, kala nini, kaongea na nani. Bado alikuwa anasema yeye hana faida duniani, lakini usiku mmoja kalala mpaka alfajiri, kesho yake kala ugali wa muhogo na sato akamaliza, halafu akauliza dagaa wanauzwaje. Nikampelekea daktari lile daftari, akalisoma lote kasimama pale kitandani. Najivunia sana lile daftari jamani.

Na siyo maneno yangu tu. Mwaka 2009 ulitoka uchambuzi wa majaribio 41 ya dawa za sonona, wagonjwa zaidi ya 6,500, ukaonyesha kwamba ambaye dalili hazijapungua hata kwa asilimia 20 ndani ya wiki 2 ana nafasi ndogo ya kupona vizuri kwa dawa ileile. Kwa hiyo wiki mbili zikiisha hamna kitu msikae kimya wala msimtoroshe mgonjwa, ulizeni dozi inaongezwa au dawa inabadilishwa? Na msifiche historia! Kaumwa muda gani, dawa gani zilishindwa huko nyuma, pombe, hofu, yote semeni, mana aliyeumwa muda mrefu kwa kawaida anachelewa zaidi.

Akiruhusiwa ndo msilegee kabisa, wiki za mwanzo nyumbani hatari ya kujiua iko juu, vidonge atunze mtu mwingine, na dawa zinaendelea walau miezi 6 baada ya kupata nafuu.

Dada wa Igoma, kesho muulize nesi mdogo wako alipata alama ngapi kwenye yale maswali 9 ya kupima ukali wa sonona (PHQ-9) siku anapokelewa, na watampima tena lini.