Nani afundishe upasuaji wa macho kwenye mashine ya uhalisia pepe?

Mkuu, umeuliza akae nani na wanafunzi wa ubingwa kwenye mashine ya mazoezi ya upasuaji wa mtoto wa jicho: daktari bingwa, fundi wa mashine, au wanafunzi waliotangulia. Mimi nilijifunzia kwenye mashine hizo na sasa nasimamia wengine. Hatua za mwanzo ningewapa waliotangulia, mradi kwanza wafundishwe kufundisha.

Mashine inakutolea alama zote: umegusa konea (kioo cha mbele cha jicho), umejeruhi lenzi, chombo kimetoka eneo lake. Haikuambii kwa nini. Sababu mara nyingi haipo kwenye skrini kabisa. Kiti kimepanda mno, kiwiko kinaning'inia, kiganja hakijapata pa kuegemea, mguu umekakamaa kwenye pedali. Mwalimu anayetazama skrini tu hayaoni hayo. Mwanafunzi wa mwaka wa juu huyaona haraka kwa sababu ametoka kuyapitia juzijuzi. Bingwa wa miaka mingi mikono yake inajiendea. Muulize anashikaje kibano, atakuonyesha vizuri sana, lakini kukueleza ni shida.

Kwenye kapsuli, yaani utando unaofunika lenzi, mambo yanabadilika. Hapo unachana duara la kama milimita 5 kwenye utando wa mbele wa lenzi, na mchano ukianza kukimbilia pembeni huna muda wa kutafakari. Uongeze jeli kwenye chumba cha mbele cha jicho? Ushike ukingo upya, karibu na mchano ulipofikia, uuvute kuelekea katikati? Au usimame umwite mkubwa wako? Hapa namtaka bingwa, aliyewahi kukabiliana na hali hiyo kwenye jicho la mgonjwa. Alama za mashine hazimfundishi mtu wakati wa kusimama.

Fundi tunamhitaji sana kwa kuiweka mashine sawa, ila suala la nani yuko tayari kuingia chumba cha upasuaji si lake.

Wanaosema haya ni michezo ya kompyuta waangalie Uingereza: kwa madaktari wa mwaka wa kwanza na wa pili wa mafunzo, ajali ya kuchanika kwa utando wa nyuma wa lenzi ilishuka kutoka asilimia 4.2 mwaka 2009 hadi 2.6 mwaka 2015, kipindi ambacho mashine hizi zilikuwa zinaenea. Na utafiti wa Denmark wa 2017 uliona hata madaktari waliokwisha kupasua wagonjwa bila kusaidiwa, mara zisizozidi 75, waliboreka kwenye chumba cha upasuaji baada ya mazoezi ya mashine. Maana yake huyo mwanafunzi wa juu unayemkabidhi wadogo zake bado naye anaihitaji mashine. Mpangieni zamu zake mwenyewe, asigeuzwe mwalimu tu.

Kama bingwa wenu ana saa moja tu kwa wiki, msiimalize kwa kurekebisha viti na hadubini. Akute mwanafunzi ameshafika kwenye kapsuli, atazame jaribio zima bila kulikatisha, halafu ndipo wakae waongee.