Usiiulize miguu maswali saa kumi alfajiri

Kila Jumanne alarmu yangu inalia saa kumi na dakika arobaini alfajiri, na kabla hata sijaizima kuna sauti imeshafika. Inasema leo huwezi. Inasema una miaka 33, una mtoto wa miaka miwili, wale wasichana wa sekondari watakuacha raundi ya kwanza tu, na saa mbili lazima uwe umefungua kemisti, sasa unaenda kujitesa ya nini. Nimeishi na hiyo sauti karibu mwaka mzima tangu nirudi kukimbia na naandika hii kwa sababu najua kuna mtu huko ameweka raba chini ya kitanda na hajui kama kesho atazivaa.

Mimi nakimbia kwa uwanja wa shule moja hapa Nakuru, trak ya murram ya mita 400, mistari ilishafutwa na mvua kwa hivyo tunafuata tu ukingo wa nyasi. Jumanne ni siku ya spidi: mita mia nne mara nane, kila moja sekunde 92, katikati unajogi mita 200. Mazoezi mengine ya wiki hayanisumbui, ile mbio ndefu ya Jumamosi ya kupanda upande wa Menengai naamkia nikiwa na furaha kabisa. Trak ndio huniingiza baridi, na nimekaa nikafikiria nikaona ni kwa sababu barabarani ukichoka unapunguza tu na hakuna anayejua, lakini hapa kocha amesimama na saa mkononi anasoma namba kwa sauti na kila mtu anaskia yako.

Kuna asubuhi moja mwezi wa saba ilikuwa imenyesha usiku, nikavaa, nikatoka, nikafika kwa geti. Nikashika komeo. Chuma ilikuwa baridi mpaka ikauma vidole, nikasimama hapo nimeishika tu, siifungui, nasikiliza mbwa wa jirani. Halafu nikarudi ndani, nikavua raba polepole nisimuamshe mtoto, nikalala. Usingizi haukuja. Na kitu kiliniuma zaidi ni kwamba ikifika saa nne nikiwa kemisti nahesabu vidonge, miguu yangu ilikuwa myepesi, freshi kabisa, ningekimbia hata kumi. Nilitamani kulia. Mwili haukuwa umekataa kitu chochote, mimi ndio niliuuliza swali wakati mbaya.

Maana ukweli ni kwamba joto la mwili linashuka chini kabisa alfajiri, karibu saa kumi na saa kumi na moja, na ubongo nao hauamki mara moja kama taa, ule uzito wa usingizi unaweza kukaa dakika 15 hadi 30 na wakati mwingine zaidi. Kwa hivyo ukilala hapo ukijipima kama una nguvu, jibu utakalopata ni la mtu ambaye bado amelala nusu. Siku hizi nimejikataza kabisa kuamua kitu chochote kabla dakika ishirini hazijaisha. Nanawa uso, nakunywa chai ya rangi kidogo, navaa, natoka, na sauti ikitaka kuongea iongee, lakini haiamui.

Maamuzi yote nafanya usiku. Naandika zoezi kwa karatasi naibandika kwa friji, nguo ziko kwa kiti zimepangwa vile zitavaliwa, na tumekubaliana na dada mmoja wa mtaa wetu kwamba tunakutana kwa kona saa kumi na moja na robo. Huyu ni wa muhimu kuliko vyote. Kwanza usalama, mwanamke asikimbie peke yake gizani tafadhali, na pili ni vigumu sana kumuacha mtu mzima amesimama kwa baridi akikungoja.

Na zoezi lenyewe nimelikata. Sijiambii naenda kukimbia nane. Najiambia naenda kupasha mwili raundi tano, taratibu, baridi ya Nakuru haitaki haraka, halafu mia nne mbili, na baada ya hizo mbili nina ruhusa ya kwenda nyumbani na hakuna atakayeniuliza. Ya kwanza nakimbia 96, makusudi. Kocha alinielewa, aliniambia tu, "Mama, ya kwanza ni ya kufungua mapafu, usishindane nayo." Mwaka mzima nimetumia hiyo ruhusa mara moja pekee.

Kitu kingine kilikuwa kinanimaliza ni rafiki yangu wa Kisumu ambaye tulikuwa naye sekondari, yeye anapiga mia nne hizo hizo kwa 88 na ananitumia picha ya saa yake. Nilikuwa naziangalia naona nimekwisha. Mpaka binamu yangu akanikumbusha Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru karibu 1,850, hewa si moja, na mapumziko yakiwa mafupi utaiskia hiyo tofauti kifuani. Nafurahia mbio zake sasa, lakini silinganishi.

Huyo binamu yuko Marekani kwa skolashipu, mkimbiaji wa mita 800, na sai huko ni baridi kali kwa hivyo wanafanyia mazoezi ndani ya ukumbi, trak ya mita 200, kona zimeinuliwa, hewa kavu inayokukohoza jioni nzima. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, karibu kama mimi. Mwezi wa kwanza aliniandikia kwamba hizo kona si za Mkenya. Nikamwambia Paul Ereng wa Kitale alianza kukimbia 800 mwaka 1988, mwaka huo huo akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Seoul, na 1989 akavunja rekodi ya dunia ya ndani kule Budapest, dakika 1 na sekunde 44.84, kwa kona kama hizo hizo. Hakujibu, lakini kesho yake alienda. Yeye yuko nyuma yetu kwa masaa nane, so nikiamka mimi yeye anajitayarisha kulala, namtumia sauti: nimetoka. Yeye akimaliza kupasha mwili mimi niko kemisti mchana, naye ananitumia yake.

Lakini kuna siku ile sauti iko sahihi na hapa naomba mnisikilize. Kabla sijatoka kitandani nahesabu mapigo ya moyo dakika moja nzima. Yangu ni 54, 55. Asubuhi moja ilikuwa 71, nikaenda tu, mia nne ya pili nikaanza kutetemeka, nikarudi nyumbani, nikapima damu, malaria, nilikuwa nimetoka mazishi Kisumu wiki mbili kabla. Ningeamini ile 71 nisingetoka. Mapigo yakipanda hivyo, ama una homa, ama kuna mahali pamoja panauma mfupa, lala. Hiyo si woga.

Leo saa tisa mchana nikimhudumia mama wa dawa ya minyoo simu imelia, ni binamu. "Zote sita, dada, koo ndio imekauka." Karatasi yangu ya kesho iko kwa friji, mia nne mara nane, ya kwanza 96.