Mjusi wa Tendaguru nani alimuweza?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi nipo Lindi mjini, hapa kijiweni tumebishana mpaka basi kuhusu yule mjusi wetu wa Tendaguru huku Lindi, yaani dinosaria mkubwa wa shingo ndefu ambaye mifupa yake iko Berlin, Ujerumani. Mmoja anasema kwa ukubwa ule hakuna wa kumgusa, mwingine anasema dinosaria wala nyama walikuwa wanamrukia shingoni wanamkaba koo. Mkweli nani?

JIBU: Marahaba. Hiyo ya shingoni ndo siikubali kabisa. Mifupa ile iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ukienda Berlin leo kichwa kipo juu zaidi ya mita 13. Mla nyama wa mita 10 sio mrefu kwenda juu, hizo ni za pua mpaka ncha ya mkia, kiunoni hafiki hata mita 3, sasa koo atalipatia wapi? Anachokifikia ni paja, tumbo na shina la mkia.

Na wala nyama walikuwepo Tendaguru, msidanganyane, meno yao yameokotwa, na mmoja mkubwa aliyepewa jina 2011, Veterupristisaurus, anajulikana kwa pingili za mkia tu. Namna walivyong'ata tunajifunza zaidi kwa Allosaurus wa Marekani, wa zama hizohizo, miaka kama milioni 150 iliyopita. Huyu fuvu lake lilikuwa imara sana ila nguvu ya kung'ata ndogo, kwa hiyo sio mvunja mifupa, anazamisha meno yale yenye kingo za msumeno alafu anavuta kichwa nyuma kwa misuli ya shingo, nyama inachanika. Akimvizia mkubwa mzima angemchana akae pembeni, damu imwishe nguvu, lakini teke moja au mkia ukimpata mbavu hana.

Mi naona mara nyingi hakuhangaika na mkubwa. Mayai ya jamii hii ya shingo ndefu yaliyopatikana Argentina yana sentimita 13 hadi 15 tu, yaani kitoto kinaanguliwa kidogo mno na kinahitaji miaka kukua, hicho ndo chakula, hicho pamoja na wagonjwa na mizoga. Tena Tendaguru kuna miguu ya hawa wanyama ilikutwa imesimama wima ardhini, inaonekana walizama kwenye matope wakashindwa kutoka, na aliyenasa hivyo hata awe tani 30 hawezi tena kugeuka wala kupiga mkia.