Uliza Wakili: Tribunali ya mambo ya ndege inaweza kumpa ndugu yangu leseni?

SWALI: Habari ya kazi wakili. Ndugu yangu mdogo ni rubani hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, amekaa kopailoti (rubani msaidizi) wa Caravan, ile ndege ndogo, kwa miaka kadhaa. Aliomba ATPL, ile leseni ya juu kabisa ya rubani, akakataliwa, ati masaa yake ya kurusha ndege hayajafika 1500 juu yale ya ukopailoti yamehesabiwa nusu. Na kampuni aliyokuwa anafanyia kazi bado ina mshahara wake wa miezi miwili. Sasa anataka kupeleka yote kwa tribunali, wamuandikie leseni na walipishe hiyo kampuni. Binamu yetu naye anasema tribunali ni kupoteza wakati, aende Mahakama Kuu moja kwa moja. Nani ako sawa? Dada mtu, Lang'ata.

JIBU: Dadangu, wote wawili wamekosea njia, tafadhali muonyeshe ndugu yako hii kabla hajalipa mtu pesa ya kufaili.

Tribunali ilizaliwa na Sheria ya Usafiri wa Anga ya Kenya ya 2013, na kile sheria haikuipa, haina. Ilipewa kusikiza malalamiko ya leseni, kama umenyimwa, umewekewa masharti, imesimamishwa ama imefutwa. Kwa hivyo hiyo ATPL ni hapo kabisa. Mshahara si hapo, hiyo ni Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, na hata kampuni ikikubali tumalizane hapa hapa bado haiwezekani, maana watu wawili hawawezi kukaa chini wakapatia korti uwezo ambao sheria haikuipa. Jaji Nyarangi alishasema hivyo 1989 kwa kesi ya meli ya Lillian S, kwamba korti ikikosa uwezo wa kusikiza jambo inaweka kazi chini pale pale, na mpaka leo mawakili wa Kenya wanaitaja karibu kila wiki.

Sasa masaa, na hapa ndio nataka asome polepole. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinasema ukikaa kopailoti kwa ndege ya aina hiyo, pale nchi inapotaka kopailoti awepo, masaa yako yanahesabiwa yasizidi nusu, lakini nchi inaweza kuruhusu yahesabiwe yote kama ndege ina vifaa vya kopailoti na inarushwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Hiyo "inaweza" ndiyo kesi yake yote. Akienda kuomba tribunali ifanye masaa yasiyofika yawe 1500 ataanguka, kwa sababu kazi yao si kuandika upya kanuni za usalama, na mimi naona ni vizuri iwe hivyo, nyuma ya huyo rubani kuna abiria. Lakini akienda kusema walioninyima leseni hawakuangalia kama ndege yetu ilikuwa inarushwa na marubani wawili, hawakuniita nijieleze, hawakunipa sababu, hapo ana kitu cha kusikizwa, maana kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya uamuzi wa haki na sababu kwa maandishi. Hata akishinda asishangae akiambiwa maombi yarudi yaangaliwe upya badala ya kupewa leseni mkononi siku hiyo.

Kuhusu binamu, kuna sheria ya 2015 iliyotungwa kutekeleza hicho kifungu cha 47, na inasema kwanza umalize njia za rufaa zilizowekwa na sheria, ndio Mahakama Kuu ikusikize. Jaji anaweza kukuruhusu uruke kama kuna sababu isiyo ya kawaida, lakini kuona tribunali inachelewesha watu si sababu ya aina hiyo, utarudishwa nyuma na miezi yako imeenda. Asiporidhika na tribunali, hapo sasa Mahakama Kuu iko.

Wiki hii achukue barua ya kukataliwa, aangalie tarehe yake kwa sababu siku za rufaa zinahesabiwa, atoe kopi ya logibuku yote, kile kitabu anachoandika masaa yake, na atafute karatasi za kampuni zinazoonyesha ile Caravan ilikuwa inarushwa na marubani wawili. Ya mshahara aifungulie faili yake peke yake.