Tazama kivuli kabla ya kutazama kamera

Mkanda wangu wa kwanza wa filamu niliumalizia ufuoni Dunga, Kisumu, saa kumi alasiri, na uliporudi kutoka kusafishwa, wavuvi wote walikuwa weusi tititi mbele ya ziwa linalometameta. Kamera haikuwa na hitilafu. Kipimamwanga kilicho ndani yake huchukulia kwamba chochote kinachokikabili kina rangi ya kijivu cha wastani, kwa hiyo kilipoyaona maji yakirudisha jua, kiliniagiza nipunguze mwanga, nami nikatii.

Ninayemshauri leo namwambia achague njia moja nyepesi na aishike. Jua linapowaka, weka tundu la lenzi katika f/16 (namba ikipungua, tundu hupanuka) na kasi ya shata, yaani muda ambao filamu hupata mwanga, iliyo karibu zaidi na sekunde moja kugawanywa kwa namba ya ISO ya filamu, ambayo ni kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga. Kwa filamu ya ISO 400, hiyo ni 1/500 ya sekunde. Kisha kitazame kivuli chako ardhini. Kingo zake zikiwa kali, baki hapo hapo. Zikififia, fungua hadi f/11. Kivuli kikionekana kwa taabu, f/8. Kikitoweka kabisa, kama ilivyo mawingu ya mvua yanapotanda juu ya ziwa, f/5.6. Mtu aliyeketi kivulini mwa mwembe nampa f/4, hata kama maji nyuma yake yanawaka, kwa sababu ninachojali ni mwanga unaoufikia uso wake.

Adhuhuri inahitaji uangalifu zaidi. Hapa karibu na ikweta jua husimama utosini, kofia huuficha uso wote, na ngozi zetu nyeusi hupotea mapema kuliko shati. Fungua stopu moja au mbili bila hofu (kila stopu, kama kutoka f/16 hadi f/11, huongeza mwanga maradufu): filamu ya negativu, ile inayotoa picha yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, huvumilia mwanga uliozidi, lakini kivuli ambacho hakikupata mwanga hakina kitu cha kuokoa. Filamu ya slaidi, ambayo hutoa picha halisi moja kwa moja, haina uvumilivu huo, hivyo usijifunzie nayo.

Jua likishazama na wavuvi wa omena kuwasha taa zao, kanuni hii haitoshi. Hapo mimi hutumia programu ya kupima mwanga kwenye simu: humsogelea mtu, kwa idhini yake, mpaka uso wake ujaze kioo, nikasoma kipimo, nikafunga stopu moja kwa kuwa ngozi yake ni nyeusi kuliko kile kijivu, kisha nikarudi nyuma na kupiga.