Misemo ya hekima: shida sio misemo, shida unaisoma kumi kwa mpigo (fundi wa kupinda kanga nachangia)

Dada mleta mada, swali lako nililisoma asubuhi nikalibeba kichwani mpaka sa hivi. Umesema simu imejaa picha za misemo ya hekima, kila ukiamka unasoma kumi na kitu, moyo unachangamka, ila ukifika stendi ushasahau yote na siku inakuwa ile ile, alafu unauliza kama hii habari ya kupata furaha kwenye maneno ya wahenga ni kweli au watu tunajifariji tu. Wa juu wamekwambia usali, mwingine kakwambia ufute picha zote. Naomba na mi nijibu kwa upande wangu, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Mi ni fundi cherehani, niko Tanga, Ngamiani, mashine yangu nimeiweka kwenye baraza la duka la nguo. Nashona kila kitu ila kinachonilisha zaidi ni kanga. Kwa ambao hawajui (vijana najua mpo) kanga inauzwa doti, yaani vipande viwili vimeungana, mtu akinunua anatoka mlangoni ananikuta mimi hapo, nakata katikati, napinda ncha, anaondoka. Hela yenyewe ndogo ila haikatiki. Sasa kila kanga ina jina lake, yaani ule msemo ulioandikwa pale karibu na pindo, na huwezi kuipinda bila kusoma, macho yanaenda yenyewe. Duka likifungua robota jipya basi jina moja nalipitisha chini ya sindano wiki nzima. Siku ya kwanza unasoma unasema ah, zuri hili. Siku ya pili hulioni. Siku ya tatu unaanza kubishana nalo, na huko kubishana ndo kwenye faida yote, wewe unaesoma kumi kila asubuhi hiyo siku ya tatu huifiki hata mara moja.

Nikupe mfano. Kuna msimu ilikuja kanga ya KUPATA SI WEREVU KUKOSA SI UJINGA. Kipindi hicho hicho fundi mwenzangu ng'ambo ya barabara alikuwa kapata kazi ya sare za shule, mi nimekosa, na bei tulizopeleka zilikuwa zinalingana kabisa. We unadhani nilisoma upande gani? Kukosa si ujinga, bila shaka. Nikajisikia vizuri nikaenda kunywa chai. Kesho yake kanga hiyo hiyo mezani, keshokutwa tena, mpaka ikabidi nisome na ule upande wa mbele, kupata si werevu. Ukiukubali mmoja lazima uukubali na wa pili, kama kukosa kwangu sio ujinga basi na siku nikipata nisijione bingwa, na kweli mwezi wa Ramadhani kila fundi hapa anajaa kazi mpaka anafukuza watu, hata yule anaeshona kanzu mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, Idi inakaribia watu wanataka nguo, akili zako hazihusiki hapo. Tangu siku hizo msemo wenye pande mbili naanza na upande ambao haunipendelei. Na niamini, furaha iko huko, maana yule mwenzangu akaacha kuwa mtu alienizidi akili, akawa mtu aliepata tu kama ambavyo na mi huwa napata, na roho ikatulia kiasi kwamba akiishiwa uzi anavuka barabara nampa bila kununa. Ule upande wa kubembeleza ulinipa kikombe kimoja cha chai, huu mwingine bado naula.

Alafu kuna kitu nilichofunzwa na bibi mmoja wa Muheza. Huyu huwa anakuja mjini na wajukuu kununua kanga za zawadi, kusoma hajui, kwa hiyo kabla hajalipa anatoka na doti mkononi ananiletea nje, "Mwanangu hebu nisomee, isije ikawa namtukana mtu kwa pesa yangu." Namsomea. Ananyamaza kidogo, alafu swali lake ni moja siku zote, "Hiyo yamwambia nani?"

Siku moja alikuja na JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikamwambia bibi hii chukua, nzuri sana, ni ya mtu anaesubiri jambo lake kwa subira. Akaniangalia. Akasema, "Naipeleka kwa mkwe wangu, na yeye miaka yote hii hajajaaliwa mtoto. Nikimpa mimi, yeye atasikia mama mkwe ndo anaesema hajapata, wala hajakata tamaa, yuko anasubiri." Akairudisha ndani. Akatoka na MOLA HAMTUPI MJA WAKE, nikamsomea, akauliza tena yamwambia nani, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, "Hii yatwambia sote wawili." Akanambia nikate, kipande kimoja cha mkwe, kimoja chake yeye. Dada, mi nimesoma mpaka kidato cha nne na sikuwa nimeliona hilo. Maneno ni mazuri yote mawili, ila mazuri kwa nani, yanatoka mdomoni kwa nani, siku gani?

Kwa hiyo ndo ninachofanya mpaka leo. Asubuhi nikifungua mashine naangalia kanga ya kwanza itakayokuja, au kama hakuna nakumbuka methali yoyote, naiandika kwa chaki pembeni ya meza, moja tu, na najiuliza lile swali la bibi. Leo hii inamwambia nani? Nikipata mtu au jambo, basi siku nzima nina kazi nayo. WEMA HAUOZI peke yake ni maneno ya ukutani, kila nyumba unayakuta. Lakini ukisema leo yamwambia yule kijana wa bodaboda aliekuta mkasi wangu chini akaurudisha, hapo ushapata cha kufanya, suruali yake ilikuwa imechanika nikamwita nikamshonea bure, akacheka, nikacheka, hiyo ndo furaha ya kila siku unayoiulizia, haina muziki wala mlima na machweo nyuma yake kama kwenye hizo picha zako. Siku nyingine nakosa kabisa wa kuambiwa. Nafuta, naandika nyingine, maisha yanaendelea.

Na usidhani kanga zote ni hekima za kulainisha moyo. Nusu ya raha ya kazi hii ni vijembe. Anakuja dada amekunja sura, ana HASIDI HANA SABABU, anataka ipindwe sasa hivi asubiri pale pale, kuna shughuli jioni na jirani yake atakuwepo, na anataka maandishi yakae yanaposomeka akiwa amegeuka mgongo. Napinda. Kazi ni kazi. Ila huwa nawaza, yule jirani nae si ajabu yuko duka la pili anachagua ya kumjibu, biashara inakwenda. Kijembe nacho nakitumia ila nakigeuza, hiyo hasidi hana sababu ukiuliza yamwambia nani na jibu lako kila siku ni jirani, jirani, jirani, basi siku moja jaribu kuweka jina lako uone inavyowasha.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema misemo ya Kiswahili inapingana kwa hiyo ni upuuzi, eti haraka haraka haina baraka na hapo hapo ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkuu, ni kweli inapingana, na ndo uzuri wake. Wahenga hawakutunga sheria. Mi mteja akileta kitambaa cha suti natumia ya kwanza, maana mkasi ukishapita hakuna kurudi, kanga za harusi ya Jumamosi zikija Alhamisi natumia ya pili. Ukitaka msemo mmoja unaofaa kwa kila kitu utabaki na zile kauli za mitandaoni, amini ndoto zako, usikate tamaa, ambazo zimebandikwa picha ya Mwalimu Nyerere au Mandela na sidhani kama wenyewe waliwahi kuzitamka. Mi methali zisizo na mwenyewe naziamini zaidi, zimepita midomo mingi, zilizokuwa za uongo zimeshatemwa njiani.

Jambo jingine, usitafakari peke yako chumbani na simu. Jioni nikifunga napita kwenye kahawa, kahawa chungu na kashata, pale wazee wanabishana methali kama vijana wanavyobishana mpira. Ukileta neno lako lazima likae kiti moto. Juzi tulianza na jina la kanga tukaishia kugombana kanga ilianzia wapi, wa Unguja wanavutia kwao, wa Mombasa wanasema hiyo inaitwa leso na duka la Kaderdina Hajee Essak, la Mali ya Abdulla, lipo kwao tangu 1887, mzee mwingine akakumbusha kuwa zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa hiyo nyie wa shule msingesoma kitu. Hatukufika popote lakini nilirudi nyumbani mwepesi kabisa. Kama hapo ulipo hakuna baraza, mtafute hata mtu mmoja, mama, shangazi, mfanyakazi mwenzio, mwambie msemo wako wa leo na umwache akupinge.

Ila kuna mahali misemo haifiki, nisikudanganye. Mtu kafiwa usimwendee na kazi ya Mungu haina makosa kabla hata hujakaa kwenye mkeka, chota maji, osha vyombo, kaa kimya, maneno atayataka mwenyewe baadae. Na wewe mwenyewe, kama hiyo hali ya siku kuwa ile ile ni kutokulala, kutokula, kulia bila sababu wiki na wiki, hiyo usiitibu kwa methali wala kwa mchango wa fundi cherehani, nenda hospitali kaongee na daktari. Sijasema ndo ilivyo, nasema kama.

Kuhusu kufuta picha zote mi siafiki, zimekukosea nini. Chagua moja. Uliandika kwamba unayoipenda kuliko zote ni USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, haya, hiyo ina mambo mengi ndani. Kaa nayo wiki hii, nyingine zote zipumzike. Mwanzoni utaisoma kama inamsema yule shosti wako anaekuiga biashara, maana umemtaja mara mbili kwenye maelezo yako na nadhani hata hukujiona. Mpe siku zake mbili hizo. Ikifika ya tatu ibebe mpaka stendi, uliza swali la bibi wa Muheza, alafu njoo hapa utuambie umejibiwa nini, mi nipo, ila nachelewa kujibu mchana kwa sababu mikono iko kwenye kanga za watu.