Kabla hujapaka krimu mdomoni

Mwaka juzi, baridi ya Julai ilipokaza hapa Nairobi, niliamka na vipele vidogo vyekundu kwenye kidevu, vimepanda pande zote mbili hadi chini ya pua. Havikuwasha sana. Vilichonyota tu nikinawa uso kwa sabuni. Mama aliniona akasema ni homa inatoka. Jirani wa ghorofa ya pili akaapa kwamba nimekojolewa na buibui. Mimi nikaenda kemisti.

Kijana wa kemisti alinitazama kupitia vyuma vya dirisha, labda sekunde tano, akanipa tyubu ya shilingi 150. Siku ya tatu uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Nikaacha kupaka. Wiki haikuisha, vipele vikarudi na jamaa zao. Nikapaka, vikaondoka, nikaacha, vikarudi. Mchezo huo niliucheza hadi Novemba, na kila vikirudi vinateka sehemu kubwa zaidi.

Daktari wa ngozi, nilipomfikia hatimaye, aliuliza kwanza, "Unapaka nini?" Nikatoa tyubu mkobani. Akasoma yale maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyasoma, akaweka kidole kwenye neno betamethasone. Steroidi kali, akasema, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, si ya kupaka usoni. Kisha akanishikia kioo. Kati ya midomo yangu na vipele palikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi safi, kama mtu kauzungushia mdomo mstari kwa kalamu. Miezi minne najitazama kila asubuhi, sikuuona. Ule ukanda ni alama ya ugonjwa wenyewe, unaoitwa perioral dermatitis, yaani uvimbe wa ngozi kuzunguka mdomo, ambao steroidi huutuliza leo na kuulisha kesho: wekundu hupungua, ngozi huizoea dawa, na siku ukiiacha unarudi kwa hasira.

Matibabu yalikuwa kuacha. Niache krimu, niache losheni nzito na vipodozi, ninawe kwa maji ya vuguvugu. Hata dawa ya meno nibadilishe kwa muda, kwa sababu zenye floridi na ladha kali huchokoza ngozi ya wengine. Akaongeza antibiotiki ya kumeza, doksisiklini (wajawazito na watoto wadogo hawapewi hiyo, wana dawa zao), akanionya kwamba hali itakuwa mbaya kabla haijawa nzuri. Hakunidanganya. Wiki mbili za kwanza nilipanda matatu na leso mdomoni kama mwenye kifua kikuu. Ngozi ilikuja kutulia katikati ya Januari.

Tangu hapo, kazini kila mtu hunionyesha mdomo wake. Mimi si daktari, lakini kuna mambo nimejifunza kuyatazama.

Ile ambayo mama huita homa ni virusi vya hepesi. Wengi wetu tuliambukizwa utotoni, vimejificha kwenye neva, vinaamka ukiugua, ukichoka au ukipigwa na jua kali. Hubisha hodi kabla ya kuingia: mahali pamoja kwenye ukingo wa mdomo panachonyota, kesho yake malengelenge yanajipanga kama shanga. Hupona vyenyewe kwa siku 7 hadi 10 hivi. Krimu ya asiklovia inafaa ukiiwahi kwenye ule mchonyoto. Lengelenge likishapasuka, umechelewa. Na ukiwa nayo usimbusu mtoto mchanga, hata ukiombwa. Kwa kichanga wa wiki chache virusi hivyo vinaweza kuua.

Buibui basi hana kosa. Mwenye kosa ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wanayemwita Nairobi fly, anayejaa nyumbani baada ya mvua akifuata taa. Hang'ati. Ukimponda usoni ndipo sumu iliyo mwilini mwake inakuunguza, na kidonda hutokea siku moja au mbili baadaye, mara nyingi kikiwa mstari. Ukimwona anatembea shavuni, mpulize, kisha nawa kwa sabuni.

Maembe nayo. Utomvu wa karibu na kikonyo huwachoma watu wengine midomo hadi wanavimba, hasa wanaolimenya kwa meno. Osha embe, menya kwa kisu.

Pembe za mdomo zinazopasuka nimeziona sana. Mwenzangu mmoja alizipaka mafuta ya mgando karibu mwaka mzima, na kila zikikauka anazilamba. Mate yakilala pale, ngozi hulainika na fangasi au bakteria huhamia. Krimu ya fangasi ilimsaidia, zikarudi, ndipo akapimwa damu ikaonekana ana upungufu wa madini ya chuma. Zikirudi rudi, pima damu na sukari.

Ndani ya mdomo, utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwa kawaida ni fangasi. Kwa watoto wachanga ni jambo la kawaida, hutibiwa kwa matone ya nistatini. Wenye pumu wanaovuta dawa ya steroidi wasukutue kila wakimaliza. Mtu mzima akiupata bila sababu inayojulikana apime sukari na VVU, na asione haya. Mtoto mwenye maganda ya rangi ya asali kuzunguka mdomo ana maambukizi ya bakteria. Apelekwe kliniki na awe na taulo yake peke yake. Vidonda vidogo vyeupe vyenye duara jekundu hupona kwa wiki moja au mbili, maji ya chumvi yakisaidia. Kinachopita wiki 3, hata kama hakiumi, kionwe na daktari wa meno, hasa kwa wavutaji na watafunaji wa tumbaku. Midomo ikivimba ghafla na pumzi ikabana, nenda hospitali sasa hivi.

Kemisti bado tunasalimiana. Juzi nilienda kumnunulia mama asiklovia, homa yake ilikuwa imebisha. Kijana akanitolea, halafu juu yake akaweka tyubu ninayoijua. "Ongeza na hii, ni nzuri sana." Nikamrudishia kupitia vyuma.